Wageni Wasiofika

Simu iliita Nyanzobe akiwa anakoroga chai. Aliitazama ikitetemeka juu ya meza, jina la Ezron likiwaka na kuzimika, akaiacha iite mpaka ikanyamaza yenyewe. Kisha akaonja chai, akaona sukari imezidi, akainywa hivyo hivyo.

Alikuwa amekaa ghorofani, kwenye baraza ya nyumba ya wageni aliyozoea kufikia kila anapokuja Tunduma. Chini yake malori yalijipanga kuelekea mpakani, madereva wamelala kwenye usukani, na wabadilisha fedha walipita katikati yao na vibunda vya kwacha mkononi. Ng'ambo, upande wa Nakonde, Zambia, mabati yalimeta baada ya mvua ya alfajiri. Ilikuwa Jumamosi yenye jua zuri. Siku nzuri ya sherehe, aliwaza, na wazo hilo likampa raha iliyowasha kama pilipili.

Kule Chapwa, kwenye kituo cha watoto alichokianzisha Ezron, watu walikuwa wanamsubiri. Alijua wamekaaje, maana kila kitu alikuwa amekipanga yeye. Alimwagiza Ezron afunge turubai, akina mama wavae sare, watoto wafundishwe wimbo, chakula kipikwe cha kutosha. Alisema wageni wa shirika la ufadhili watafika asubuhi, naye atakuwa pamoja nao. Akaongeza, kwa ile sauti yake ya darasani, kwamba wageni hao hupenda kuiona familia ya mwanzilishi, hivyo itapendeza mama yake Ezron akiketi mbele.

Wageni hawakuwa wanakuja. Nyanzobe aliwaandikia mapema kwamba kituo cha Chapwa kimeomba siku isogezwe. Walimwamini. Nani asingemwamini Dokta Nyanzobe Makene?

Simu ikaita tena. Safari hii aliigeuza kifudifudi.

Miaka kama kumi iliyopita aliwahi kukaa hivyo hivyo na simu mkononi, ila wakati ule yeye ndiye aliyekuwa akipiga. Walikuwa wamekutana chuoni Mbeya, yeye binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia Ndalambo, Ezron kijana wa milima ya Ileje, wote wawili wakisomea biashara. Ezron alikuwa mtu wa maneno machache na macho mengi. Alikuwa akimtazama Nyanzobe mhadhara wote, kisha jioni anaomba aazimwe kile alichoandika kwa sababu yeye hakuandika kitu. Walipendana kwa namna ambayo hata wenzao waliacha kuwatania, wakaanza kuuliza harusi lini.

Siku ya posa, mzee Makene alichinja dume. Ndugu walikuja kwa basi kutoka Shinyanga, wengine walipanda kutoka bonde la Momba. Mama yake Nyanzobe alivaa kitenge kipya, akakaa mlangoni mahali ambapo angekuwa wa kwanza kuwaona washenga. Asubuhi ikapita. Nyama ikapoa, ikapashwa moto, ikapoa tena. Nyanzobe alipiga simu mpaka ile sauti ya mwanamke anayesema mteja hapatikani akaizoea kama sauti ya ndugu. Jua lilipoanza kulala, baba yake aliinuka mbele ya watu, akawaambia wale tu chakula, kwa kuwa hakina kosa.

Habari ilikuja baadaye kwa midomo ya watu. Mama yake Ezron, Ferista, alikataa. Alisema hawezi kumtoa mwanawe kwa watu wa ng'ombe, watu wasio na pa kukaa, leo wako Momba kesho Rukwa, na kila wapitapo mahindi ya wenzao yanaliwa. Naye Ezron hakuandika barua wala hakutuma mtu. Alinyamaza tu, kama mtu aliyekufa.

Mwaka uliofuata mama yake Nyanzobe aliugua. Katika siku zake za mwisho aliuliza zaidi ya mara moja kama wale watu wa Ileje wametuma neno lolote. Nyanzobe alimjibu kwamba wametuma, wameomba radhi. Mama alifumba macho akiwa ameridhika na uongo huo.

Baada ya mazishi Nyanzobe alijitupa kwenye masomo. Shahada ya uzamili aliifanyia Morogoro, ya uzamivu Dar es Salaam. Alichagua kuchunguza biashara za kijamii, zile zinazotafuta faida kama biashara nyingine yoyote lakini faida yenyewe inarudi kulea watu badala ya kuishia mfukoni mwa mmoja. Alikaa na wanawake wa Kyela wanaokoboa mpunga, akalala kambini na warina asali wa Chunya, akasikiliza vikundi vilivyostawi na vilivyokufa. Swali lake lilikuwa moja: watu wakiahidiwa kitu kisha wasitimiziwe, kwa nini baadhi hurudi kesho yake kuendelea na kazi, na wengine hawarudi kamwe? Siku ya kutetea utafiti wake jopo lilimuuliza swali hilo alilitoa wapi. Alitaja nadharia na wanazuoni, jopo likaridhika. Msimamizi wake, Dokta Lusubilo, alimtazama kwa muda, kisha akaendelea kuandika.

Sasa alikuwa mhadhiri Mbeya, akifanya kazi chini ya Lusubilo huyo huyo kwenye utafiti mpya wa biashara za kijamii za mpakani. Majina ya vituo yalipoletwa, akaona Chapwa. Kinu cha unga wa lishe, unaouzwa Tunduma na Nakonde. Faida yake inaendesha kituo cha kulelea watoto wa akina mama wanaovuka mpaka kufanya biashara. Mwanzilishi: Ezron Nsajigwa. Kanuni za utafiti, ambazo yeye mwenyewe alizifundisha kila muhula, zilimtaka aseme kwamba anamfahamu mtu huyu na ajitoe. Hakusema. Alijiandikisha kwenda.

Siku ya kwanza Ezron alitoka kinuni akiwa na unga hadi kwenye nyusi. Alipomwona, mkono aliokuwa ameunyoosha kumsalimu mgeni ulibaki hewani.

"Habari za kazi, Mkurugenzi," alisema Nyanzobe.

Ezron aliushusha mkono. "Nzuri, Dokta."

Hivyo ndivyo walivyoitana miezi yote iliyofuata. Mara moja tu, akimsindikiza getini, alimwita kwa jina, taratibu, kama anavyoitwa mtu aliyelala. Nyanzobe alimwambia jina lake ni Dokta Makene. Ezron aliinamisha kichwa na hakujaribu tena. Lakini njia nzima kurudi Mbeya ile sauti ilimfuata garini, naye alijichukia kwa kuwa alikuwa ameshakitazama kidole cha mkono wa kushoto wa Ezron na kukiona hakina pete.

Ndiyo maana leo alikuwa anakunywa chai. Alitaka Ezron aonje kila saa ya siku ile. Alitaka Ferista aonje zaidi.

Pikipiki ya bodaboda ilisimama chini, kando ya malori. Mwanamke mtu mzima aliteremka kwa shida, amevaa gauni la kitenge na kilemba kipya, akamlipa dereva na kutazama juu. Macho yao yakakutana. Nyanzobe alihisi moyo umemruka, si kwa woga. Alikuwa amemwona Ferista kwenye picha tu, na kwa mbali kituoni, na sasa mwanamke huyo alikuwa anapanda ngazi mwenyewe akija kwake.

"Shikamoo." Ilimtoka kabla hajaizuia.

"Marahaba, mwanangu." Ferista alivuta kiti akaketi bila kukaribishwa. Alihema kwanza. Alisema nyumba anayofikia Dokta kila mtu kituoni anaijua, ila Ezron hajui amekuja, aliwaaga pale kwamba anakwenda kujisaidia. Akaeleza kwamba watoto walishaimba wimbo wao mara nyingi mpaka wamechoka, na kwamba mwanawe anawaambia watu Dokta amekwama kwenye foleni ya malori.

"Labda nimekwama," alisema Nyanzobe.

"Hujakwama. Mimi nilijua mapema kuliko yeye. Ulipotaka nikae mbele, nilijua. Mtu aliyetendewa uliyotendewa hawezi kuniweka mbele kwa heshima."

"Na bado ulikuja kukaa."

"Nilikuja. Nilisema akitaka kunitukana mbele za watu, anitukane, nimestahili. Sikufikiri utatufanyia hivi."

"Hivi vipi, mama?"

Ferista hakukwepa macho yake. "Kama tulivyokufanyia sisi."

Nyanzobe alikuwa ameingoja sentensi hiyo miaka mingi kiasi kwamba alipoisikia alitaka irudiwe. Sauti yake ilikuwa tulivu alipoanza kueleza. Alieleza juu ya dume lililochinjwa, ndugu waliosafiri usiku na mchana, baba yake alivyosimama mbele ya watu. Alieleza juu ya mama yake mlangoni. Ferista alisikiliza huku vidole vyake vikikunja na kukunjua ncha ya kitenge. Ilipofika habari ya kifo, vidole vilisimama.

"Sikujua kama alifariki."

"Ungejuaje? Hamkuuliza."

 Ferista alisema, bila kulia wala kujipendekeza, kwamba yale maneno ya ng'ombe na mahindi aliyasema kwa ajili ya watu. La kweli hakulisema. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja. Aliogopa binti yule msomi angemchukua Ezron akaenda naye kwao mbali, naye abaki na mlima na moshi wa jiko lake.

"Basi umenipata, mwanangu. Lakini wale walio chini ya turubai hawakukukataa."

"Ndugu zangu nao hawakukukosea kitu, mama."

Ferista alishika meza akainuka. Akashuka ngazi moja moja akiushikilia ukuta. Nyanzobe hakumwita wala hakumsaidia. Alimtazama mpaka bodaboda ilipopotea naye katikati ya malori. Alikuwa ameshinda, na alijua ameshinda. Alingoja raha ije.

Alipochukua funguo za gari hakuwa anakwenda kwa huruma. Alitaka kuona kwa macho. Alijiambia kisasi alichosimuliwa tu kitakuwa nusu, kwamba ni lazima aione sura ya Ezron akiwa amesimama katikati ya viti vitupu.

Viti vingi vilikuwa vitupu kweli. Turubai lilikuwa bado limefungwa, na wanawake wachache waliosalia walikuwa wanasuuza masufuria, watoto wao wamelala kwenye mikeka na sare zao mpya zimeshakunjamana. Nyanzobe alisimama kando ya gari akitegemea kutazamwa vibaya. Aliyemwona kwanza ni Rosemary, mama mwenye watoto wawili kituoni, anayevusha vitunguu kwenda Nakonde kila siku. Alikuja mbio akifuta mikono kwenye kanga.

"Pole na safari, Dokta. Tumesema tu, haya malori leo yamewakwamisha wageni wetu." Alimshika mkono, akamvuta hadi kwenye meza. Kulikuwa na sahani iliyofunikwa. Alieleza kwamba waliwapakulia wageni mapema wasije wakakosa, na kwamba zilizobaki wamegawa, ila ya Dokta wameilinda. "Mkisema Jumatatu tutakuja tena. Mkisema Jumatano vilevile. Msijisikie vibaya."

Nyanzobe alikaa mbele ya sahani ile. Wali, maharage ya Ileje, kipande cha kuku kilichochaguliwa vizuri. Alikuwa amewahoji wanawake wa namna hii kwa miaka, akawauliza kwa nini wanarudi, akayapanga majibu yao kwenye majedwali. Sasa mmoja wao alikuwa amesimama mbele yake akimpa pole kwa shida ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyewasababishia. Aliifunika tena sahani. Alimshukuru Rosemary kwa sauti isiyo yake, akauliza Mkurugenzi yuko wapi.

Ezron alikuwa kinuni, amevua koti, amekaa juu ya gunia. Mashine ilikuwa imezimwa. Mvi chache zilikuwa zimeanza juu ya masikio yake, na Nyanzobe alizichukia kwa kumpendeza. Hakuinuka.

"Wageni hawaji," alisema Ezron. Halikuwa swali.

"Hawaji. Hawakuwa wanakuja. Niliwaambia umesogeza siku."

Ezron aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayethibitishiwa hesabu aliyoifanya mwenyewe. Nyanzobe alimuuliza kama alihisi. Ezron akasema alihisi tangu alipotajiwa habari ya mama yake kukaa mbele.

"Na bado ukawakusanya watu?"

"Ulisema waje."

"Ezron, usinifanyie utakatifu. Ulijua nakuja kukuaibisha, ukawaita watoto waimbe?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja kwa jina. Wote wawili waliisikia. Ezron alimtazama, na macho yale mengi ya zamani yalikuwa palepale, hayajapungua.

"Sikuwa na uhakika," alisema. "Nusu yangu ilisema utakuja. Nusu nyingine ilisema usipokuja ni haki yako. Sikufikiria watoto. Hapo nimekosa, sawa na wewe."

"Usijilinganishe na mimi." Sauti yake ilipanda, akaishusha. "Mimi nimewangojesha watu kwa asubuhi moja. Wewe ulinyamaza miaka kumi. Nataka uniambie kwa mdomo wako siku ile ilikuwaje. Usianze na mama yako. Mama yako nimeshamsikia."

Ezron alikuwa hajui kama mama yake alikwenda. Alishtuka kidogo, kisha akaliacha lipite. Alitazama mikono yake.

"Washenga walikuwa wameshafika Tunduma. Walinipigia kuuliza waendelee au warudi. Mama alikuwa analia chumbani. Wewe ulikuwa unapiga kwenye laini ya pili. Nikazima simu."

"Kisha?"

"Hakuna kisha. Nilizima simu. Nilipoiwasha ilikuwa siku nyingine, na kila siku iliyopita ilifanya ya kesho kuwa ngumu zaidi. Sikuoa. Lakini hilo sikuambii ili unihurumie."

"Halinihusu," alisema Nyanzobe, na moyo ulimpiga hadi masikioni.

Alikuwa amejiandaa kwa visingizio. Katika fikra zake Ezron alikuwa anajitetea, naye anamvunja utetezi mmoja baada ya mwingine, kama anavyovunja hoja dhaifu za wanafunzi. Hakuwa amejiandaa kwa mwanamume anayempa kosa lake lote mkononi bila kulifunika. Hasira ilimjaa upya, kwa kuwa haikupata pa kupiga. Akatoa simu.

Alimpigia Dokta Lusubilo, akaweka sauti wazi ili Ezron asikie. Alimweleza kwa sentensi fupi: kwamba mkurugenzi wa Chapwa ndiye mtu aliyepaswa kumwoa; kwamba alificha hilo; kwamba aliwadanganya wafadhili kuhusu siku; kwamba leo watu wamengoja bure kwa sababu yake. Ezron alikuwa ameinuka, anatikisa kichwa, anamwashiria aache. Hakuacha.

Lusubilo hakupandisha sauti. Alimwambia aandike yote hayo leo hii, kwamba kazi ya Chapwa itapewa mtu mwingine kuanzia mwanzo, na kwamba wafadhili ataongea nao yeye. Kuhusu nafasi yake kwenye utafiti, kamati itamwita.

"Nilikulea kitaaluma, Nyanzobe," alimalizia. "Hili limeniuma."

"Najua, mwalimu. Samahani."

Alikata simu. Ule utafiti ulikuwa jasho lake, na kwa dakika chache ameuweka chini. Lakini kifua chake kilikuwa chepesi kwa namna iliyomshangaza, kama mtu aliyetua mtungi.

"Kwa nini umefanya hivyo mbele yangu?" aliuliza Ezron.

"Kwa sababu kituo hiki ni chema, nami sitaki kipone wala kife mkononi mwangu. Atakuja mtu asiyekufahamu, atakipima kwa haki. Sasa mimi si Dokta wako tena. Sina cha kukutisha nacho." Alimsogelea mpaka akasikia harufu ya mahindi yaliyokaangwa kwenye shati lake. "Kwa hiyo sasa nasema ninachotaka. Kesho utakwenda Ndalambo. Bila mshenga, bila mama yako, bila zawadi. Utamwambia baba yangu hayo uliyoniambia, kwa maneno hayo hayo. Ukiongeza hata neno moja la kujipamba, rudi ulikotoka."

"Akinifukuza?"

"Atakufukuza. Utakwenda tena."

 Kulikuwa na unga kidogo kwenye ukosi wa Ezron, na Nyanzobe aliufunga mkono wake ngumi ili usiende kuupangusa.

"Wewe utakuwepo?"

"Siku ile nami nilikuwa na hamu ya kujua hivyo hivyo kuhusu wewe," alisema, akageuka.

Nje alikuta wanawake wanakunja turubai. Alivua viatu vyake vya ofisini, akakunja mikono ya shati, akasaidia kusuuza masufuria mpaka Rosemary alipomnyang'anya. Alimwambia Rosemary ukweli, kwa kifupi, kwamba foleni haikuwepo na kosa lilikuwa lake. Rosemary alimtazama kwa mshangao, uso wake ukapoteza tabasamu, akasema atawaeleza wenzake. Hakumuaga kwa kumshika mkono. Nyanzobe aliona ni sawa.

Jumapili alishindwa kuondoka Tunduma. Alifungasha begi, akalifungua, akalifungasha tena. Aliandika barua yake kwa Lusubilo, akaituma. Alijiambia hangojei chochote. Kengele za kanisani zilikuwa zimeshanyamaza na soko limechangamka pale simu ilipoita, na jina lililokuwa likiwaka lilikuwa la baba yake.

Mzee Makene hakuwa mtu wa kuharakisha maneno. Alisalimia, akauliza afya, akauliza mvua ya Mbeya. Kisha akasema, "Kuna mtu hapa."

"Mtu gani, baba?"

"Anasema yeye ndiye. Nimempa kiti, kakikataa, amekaa chini pale karibu na zizi. Kaka zako wanataka kumtoa kwa fimbo. Nimewaambia wangoje kwanza nikuulize wewe."

Nyanzobe aliketi kitandani. "Amesema nini?"

"Amesema alizima simu."

"Hakuongeza kitu?"

"Hakuongeza. Nilimuuliza, hiyo tu? Akasema hiyo tu." Mzee alivuta pumzi. "Mimi nilimngojea huyu mtu nimpige, mwanangu. Miaka yote. Sasa amekuja, nimemwangalia, naona nimezeeka. Niambie unataka nini. Ukisema aondoke, ataondoka sasa hivi, wala hakuna atakayelitaja jina lake hapa tena."

Dirishani lori lilikuwa linaguruma. Nyanzobe alifumba macho. Aliiona hasira yake yote imekaa mbele yake, kubwa, ya miaka, bado na nguvu. Haikuwa imekwisha. Ila kwa mara ya kwanza ilikuwa mali yake, angeweza kuiachia au kuishika, na hakuna aliyekuwa anamsukuma.

"Asiondoke," alisema. "Mpeni maji. Chakula asipewe. Na kaka zangu wasimguse, nina yangu ya kumwambia kwanza."

"Sawa. Na wewe unakuja?"

"Nakuja, baba. Lakini sina haraka. Mwambie hivyo, kwamba nimesema sina haraka."

Mzee Makene alisema atamwambia. Nyanzobe alikata simu, akaacha begi kitandani, akashuka ngazi mbilimbili huku amebeba viatu mkononi. Alipoliingiza gari barabara ya Sumbawanga, kuelekea Ndalambo, alikuwa amekwisha kuyapita malori yote yaliyokuwa mbele yake, na bado alikuwa akiangalia kama kuna mengine ya kuyapita.